Barua ya wazi kwa wenye hoteli za Pwani: huo uvivu umeandikwa kwenye rosta

Kwa wakurugenzi, mameneja wakuu na mameneja wa rasilimali watu wa hoteli za ufuoni, kuanzia Diani hadi Watamu. Nakala kwa viongozi wa chama chetu cha wafanyakazi, KUDHEIHA.

Waheshimiwa,

Msimu ukiisha na masika yakikaribia, kila hoteli hukaa kitako kuamua nani abaki na nani arudi kwao kungojea simu. Vibarua ndio wa kwanza kuondoka, wakafuata wa mkataba wa msimu, na mwaka ukiwa mbaya hata wa kudumu huambiwa wachukue likizo isiyo na malipo. Orodha hiyo haianguki kutoka mbinguni. Hutokana na fomu za tathmini zilizojazwa na wasimamizi, nami niliyeanza kwa kufuta glasi nikaja kustaafu nikiwa kepteni wa ukumbi wa chakula nimeziona fomu hizo hadi nimezichoka. Maneno yake ni yale yale kila mwaka: mzito, hajitumi, hafanyi mpaka aambiwe. Huwaangukia zaidi vijana wa Kwale, Kilifi na Mombasa, na nyuma yake ipo sentensi ambayo hakuna anayeiandika ila kila mtu hotelini anaijua: mtu wa Pwani mvivu.

Sikuandika barua hii kulalamika kwamba tumetukanwa. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na hili tumelizoea hadi wenyewe tunalitania. Naandika kwa sababu nyinyi ni watu wa biashara, na hapa kuna hasara ambayo haionekani kwenye vitabu vya mhasibu. Uvivu mnaousoma kwenye fomu, sehemu yake kubwa hutengenezwa hapo hapo hotelini, kwa mishahara yenu, na msimamizi ambaye hajui kama anautengeneza.

Twende kwenye ukumbi wa chakula. Kuna meza zinazotazama bahari, na kuna meza za nyuma, karibu na mlango wa jikoni, ambako sahani hugongana na wapishi hupigiana kelele. Mgeni wa meza za mbele hukaa, huagiza mvinyo, huuliza jina lako, na siku ya kuondoka huacha bahasha. Mgeni wa nyuma hula akaenda zake. Anayepanga nani asimame wapi ni msimamizi wa zamu, naye hupanga alfajiri, kwa dakika mbili, kalamu mkononi. Wala hana nia mbaya. Anataka siku yake ipite bila lawama, basi meza za mbele anampa yule anayemwamini. Na ukilazimika kumwamini mtu kwa dakika mbili, utategemea yale uliyokwisha kuyasikia juu ya watu wa kwao.

Nilifanya kazi na kijana mmoja wa Msambweni. Kijerumani alikijua vizuri kuliko wengi wetu, kwa kuwa alikua akizungumza na wageni ufuoni. Miezi ya mwanzo yeye ndiye aliyekuwa akifika kabla ya wote na kupanga vikombe vya kiamsha kinywa peke yake. Akawekwa nyuma. Mafunzo ya mvinyo yalipokuja wakaitwa wa mbele, kwa hoja kwamba wao ndio wanaouza mvinyo. Msimamizi alipopita kukagua, kwa wa mbele alisimama, akamrekebisha mmoja namna ya kushika chupa, akamtania mwingine kuhusu mpira wa jana. Kwa huyu alipita. Hakumkaripia, hakumsifu, hakumwambia neno. Kufikia mwisho wa msimu kijana alikuwa anafika dakika ya mwisho na kubeba sahani kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, na fomu yake ikaandikwa "hajitumi". Wakati huo ilikuwa kweli kabisa. Ila fomu haina nafasi ya kuandika mtu aliingiaje na nini kilimpata katikati.

Msiseme hiyo ni hadithi ya mstaafu mwenye kinyongo. Mwaka 2017 wanauchumi watatu, Dylan Glover, Amanda Pallais na William Pariente, walichapisha utafiti uliofanywa kwenye matawi ya kampuni moja ya supamaketi nchini Ufaransa. Waliwafuatilia makeshia wapya, baadhi yao wakiwa na asili ya Afrika Kaskazini na Afrika kusini mwa Sahara, na wakawapima mameneja kujua ni yupi anawahusisha watu hao na utendaji duni wa kazi bila hata kujitambua. Ratiba ya kazi ilipangwa kwa kompyuta, kwa hiyo keshia yule yule leo yuko chini ya meneja mwenye dhana hiyo na kesho chini ya asiye nayo. Siku za meneja mwenye dhana, makeshia wale walikosa kufika kazini zaidi, waliondoka mapema zaidi, walipitisha bidhaa polepole zaidi na walichelewa zaidi kati ya mteja mmoja na mwingine. Siku za meneja asiye na dhana, watu wale wale waliwashinda wenzao. Makeshia wengine, Wafaransa wa asili, hawakubadilika kwa meneja yeyote.

Kilichonishika zaidi ni sababu. Wale makeshia hawakusema wanachukiwa wala wananyanyaswa. Walisema meneja yule haji kwenye kituo chao. Basi. Anapita. Nilipoelezwa habari hiyo nilimkumbuka msimamizi wetu na chupa yake ya mvinyo.

Upo upande wa pili, ulio ndani ya kichwa cha mfanyakazi mwenyewe. Mwaka 1995 Claude Steele na Joshua Aronson waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford mtihani mgumu wa lugha. Kundi moja liliambiwa mtihani unapima uwezo wao, jingine likaambiwa ni zoezi tu la kutatua maswali. Wanafunzi weusi walishuka katika kundi la kwanza, kwa kuwa walikuwa wanafanya mtihani huku wamebeba hofu ya kuthibitisha yanayosemwa juu yao. Wanasaikolojia wamebishana sana baadaye kuhusu ukubwa wa athari hiyo, na majaribio mengine hayakuipata kwa nguvu ile. Mimi naegemea zaidi ushahidi wa makeshia, maana ile ilikuwa kazi ya kweli na mshahara wa kweli. Lakini aliyewahi kukaa kwenye usaili wa hoteli anaijua hofu hiyo. Nimelisikia kwa masikio yangu swali hili likiulizwa kwa kicheko: "Wewe wa huku, zamu ya asubuhi utaiweza kweli, au utakuwa umelala?" Kuanzia hapo kijana anajibu maswali mawili kwa pamoja, la mezani na la kabila lake, na la mezani ndilo linalokosa jibu.

Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu huikata methali hiyo katikati, wakatumia kipande cha kwanza kuthibitisha uvumi. Cha pili ndicho kinachotuhusu hapa: lisilokuwapo huja kwa kusemwa. Mwanasosholojia Robert Merton aliliandika jambo hilo mwaka 1948 kwa mfano wa Marekani: vyama vya wafanyakazi vya wazungu viliwafungia nje watu weusi kwa madai kwamba ni wavunja migomo, nao kwa kufungiwa nje wakakosa kazi, na mgomo ulipotokea wengine wao wakakubali kuingia kiwandani. Wazungu wakasema, si tuliwaambia?

Na jina letu hili la uvivu nalo lina historia, tena si ndefu sana. Utumwa ulifutwa kisheria kwenye ukanda huu mwaka 1907, mashamba makubwa yakabaki bila mikono. Serikali ya kikoloni ikawageukia Wagiriama, watu waliokuwa wakilima nafaka yao, wakila na kuuza, wasiomdai mtu kitu. Ikawatoza kodi ya nyumba na kuwataka waende kuwa vibarua mashambani kwa wengine. Walipokataa, maofisa wakasema hawa ni wavivu na walevi wa tembo la mnazi. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwakusanya watu wakala kiapo mwaka 1913, akakamatwa na kupelekwa Kisii, na mwaka uliofuata Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ikalipuliwa kwa baruti. Mkulima aliyekuwa na ghala lake aliitwa mvivu kwa kuwa hakutaka kujaza ghala la mtu mwingine. Nawaomba mkumbuke hilo siku mtakapolisikia neno lile kwenye kikao cha asubuhi.

Kuna kichekesho pia, na sitakipita. Kwenye duka la zawadi la karibu kila hoteli ya ufuoni zinauzwa fulana zilizoandikwa "pole pole". Mgeni ametoka Frankfurt kwa ajili ya hiyo pole pole. Matangazo yenu yanamwahidi tabasamu, salamu ndefu, watu wasio na haraka. Kisha anakuja mhudumu wa kwao hapa, anamsalimia mgeni, anamuuliza habari za watoto, mgeni anafurahi, na msimamizi anaandika: mzito.

Sasa nisieleweke kwamba jambo hili ni la Wapwani peke yao, au kwamba kila aliyeandikiwa fomu mbaya ameonewa. Wavivu wapo. Nimefanya kazi na wavivu wa Kilifi na nimefanya kazi na wavivu wa Nyeri, na tofauti niliyoiona ni kwamba yule wa Nyeri aliitwa mvivu kwa jina lake. Wa Kilifi uvivu wake ulihesabiwa kwa watu wa kwao wote.

Wenzetu wa bara nao wana mizigo yao. Mkikuyu hapewi mashine ya kupokea pesa kwa amani, kila upungufu wa shilingi mia huanzia kwake. Mjaluo akiuliza swali kikaoni anaringa. Mkamba husifiwa utiifu, na sifa hiyo humfungia kwenye lango la walinzi hadi uzeeni, maana hata sifa huweza kuwa pingu. Mwanamke Mwislamu mwenye cheti kizuri huambiwa nafasi ya mapokezi imejaa, ila kwenye kufua nguo nafasi hazikosi. Na sisi Wapwani hatuko safi. Tuna midomo yetu: mbara hana ustaarabu, mbara kaja kutunyang'anya. Midomo hiyo ilipopata watu wa kuitumia, mwezi Agosti 1997 pale Likoni, waliuawa zaidi ya watu 100 na maelfu wakahama. Wageni wakakimbia, hoteli zikafungwa, na Wadigo wa hapa na watu wa Murang'a wakakaa nyumbani pamoja bila mshahara.

Mkitaka kujua dhana hizi zinagharimu nini kwa shilingi, upo utafiti wa hapa hapa Kenya. Mwanauchumi Jonas Hjort alichunguza kampuni ya maua na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Kazi ilifanywa kwa vikundi vya watu watatu: mmoja anagawa maua, wawili wanafungasha. Mgawaji alilipwa kulingana na jumla ya kazi ya hao wawili, kwa hiyo kumpunguzia mwenzake maua kulikuwa ni kujipunguzia mwenyewe. Alipunguza hata hivyo, kama aliyekuwa mbele yake ni wa kabila jingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na damu iliyomwagika, upendeleo huo uliongezeka. Mapema mwaka 2008 kampuni ikabadili malipo, wafungashaji wawili wakawa wanalipwa kwa jumla yao pamoja, na ule mchezo wa kumpa wa kwetu na kumnyima mwingine ukapungua sana. Hakukuwa na semina ya kupendana. Ilibadilishwa njia ya kulipa.

Dirisha la jikoni ni lile lile. Saa mbili usiku, oda zimejaa, mpishi ana sahani tatu za samaki tayari na wahudumu watano wanangoja. Anamwita nani? Mgeni wa yule asiyeitwa atakula baridi, na lawama itaandikwa kwa mhudumu.

Nafahamu mtanijibu kwa hesabu, maana utofauti wa wafanyakazi siku hizi husimamiwa kwa hesabu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti. Nyinyi ni sekta binafsi, lakini wengi wenu mmeiga mtindo: kila mwaka inatoka ripoti, wenyeji ni wangapi, wanawake wangapi, wenye ulemavu wangapi. Ni vizuri. Lakini kuhesabu vichwa hakusemi vichwa hivyo vimesimama wapi. Hoteli inaweza kutimiza hesabu yake ya wenyeji kwa kujaza bustani, dobi na lango. Nimewahi kumkuta mtunza bustani huko Malindi anayezungumza Kiitaliano kama maji, anawaelekeza wageni njia huku ameshika mpira wa kunyweshea maua, na ndani kwenye mapokezi wanatafuta mtu wa kutafsiri.

Mtasema pia mafunzo hawana. Hilo lina ukweli wake. Chuo cha Utalii kilianzishwa Nairobi mwaka 1975, na mtoto wa Kinango aliyetaka cheti chake alilazimika kupata nauli, pango na mtu wa kumpokea mjini. Kile cha Vipingo chenye jina la Ronald Ngala kimejengwa kwa mwendo ambao fomu zenu zingeuita mzito. Lakini mafunzo mengi ya hoteli hupatikana kazini, kwa msimamizi anayesimama kukuonyesha namna ya kushika chupa. Tumerudi pale pale.

Kisheria msijipe moyo sana. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamfunga kila mwajiri, wa umma na wa binafsi. Kinakataza ubaguzi kwa asili ya kabila, lugha, dini, jinsia na ulemavu, katika kuajiri, kufundisha, kupandisha cheo na kuachisha kazi. Na mfanyakazi akifika mahakamani, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Fomu iliyoandikwa "hana moto" bila tarehe wala tukio haitawasaidia.

Ninayowaomba hayahitaji mshauri kutoka nje. La kwanza ndilo kubwa, na nitalishikilia. Chukueni tathmini mzisome kwa msimamizi, si kwa mfanyakazi. Mhudumu yule yule amefanya kazi chini ya watu watatu mwaka mzima. Wawili wamempa alama nzuri na mmoja amempa mbaya. Desturi yenu ni kumwita mhudumu. Mwiteni msimamizi. Muulizeni mtu huyu alimweka meza zipi, alimfundisha nini, mara ya mwisho kumrekebisha ilikuwa lini. Kama kila mtu wa eneo fulani hushuka akifika kwake na hupanda akiondoka, mmeshapata jibu, na mmelipata bila kumuuliza mtu kabila lake. Msimfukuze, nimesema wengi wao hawana nia mbaya. Mwambieni tu kwamba kuanzia mwezi huu yeye pia anapimwa, kwa idadi ya watu waliopanda mikononi mwake.

Mengine ni madogo. Meza za mbele na za nyuma zizunguke kila juma, na rosta ihifadhiwe, isitupwe. Bakshishi iingie kwenye sanduku moja la ukumbi na jikoni. Kwenye usaili kila mtu aulizwe maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, apewe trei na meza ya kuandaa, na kile kisanduku cha kabila na mahali pa kuzaliwa kiondolewe kwenye fomu ya maombi. Hadi leo sijaelewa kinamsaidia nani kubeba trei.

Kwa viongozi wa KUDHEIHA, ndugu zangu, mazungumzo ya mkataba wa pamoja huliwa karibu yote na mshahara na marupurupu ya nyumba. Hayo ni ya lazima. Safari ijayo wekeni mezani na rosta: mfanyakazi awe na haki ya kuona alipangwa wapi na kwa mara ngapi, na haki ya kuandika maelezo yake chini ya tathmini kabla haijatiwa saini. Rosta za miezi sita iliyopita ziko kwenye faili za ofisi za mapokezi na ukumbi. Mnaweza kuziomba hata wiki hii.

Wenu,
Kepteni mstaafu wa ukumbi wa chakula
Likoni, Mombasa